Gold Wing, K 1600 GTL, Street Glide au R 1250 RT: ulinganisho wa ulaji wa mafuta kwa mwendeshaji wa Dar es Salaam

Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kununua pikipiki kubwa ya safari, ile yenye injini inayozidi cc 1,200, kiti kipana cha abiria na masanduku ya mizigo, huulizwa na kila anayemsikia inakula mafuta kiasi gani. Swali ni la haki, kwa sababu jicho la jiji hili limezoea bodaboda ya cc 125 au 150 inayotembea kilomita 40 na zaidi kwa lita moja, ilhali pikipiki zinazolinganishwa hapa hutembea kati ya kilomita 16 na 21. Hata hivyo, swali hilo likiachwa peke yake halimsaidii mnunuzi kuchagua, maana tofauti ya ulaji iliyopo kati ya pikipiki hizi zenyewe ni ndogo kuliko tofauti inayoletwa na mwendo, foleni na ukubwa wa tangi. Nitaanza na takwimu za viwanda, kwa kuwa ndizo watu huzishindania, kisha nieleze kwa nini sidhani kwamba zinatosha kuamua.

Honda Gold Wing Tour ya kuanzia mwaka 2018 ina injini ya cc 1,833 yenye silinda sita zilizolala, tangi la lita 21, na kwa vipimo vya kiwanda hutumia lita 5.6 kwa kilomita 100. BMW K 1600 GTL nayo ina silinda sita, ila zimepangwa katika mstari mmoja unaokatisha upana wa pikipiki. Injini ni ya cc 1,649, nguvu za farasi ni 160, tangi ni la lita 26.5 na ulaji ni lita 5.9. Harley-Davidson Street Glide ya mwaka 2024 ina silinda mbili tu zenye umbo la V, lakini ni silinda kubwa mno, kwani kwa pamoja zina ujazo wa cc 1,923. Tangi lake ni la lita 22.7 na ulaji ni karibu lita 6. Ya nne ni BMW R 1250 RT, ambayo sasa imerithiwa na R 1300 RT lakini bado ndiyo iliyo rahisi kuipata iliyotumika. Hii ina silinda mbili zilizotokeza kushoto na kulia, cc 1,254, tangi la lita 25, na ulaji wa lita 4.75.

Vipimo vya namna hii hufanyika kwa utaratibu wa kimataifa unaojulikana kwa kifupi cha WMTC, ambapo pikipiki huendeshwa juu ya mashine ndani ya jengo, kwa ratiba maalumu ya mwendo wa mjini, wa barabara za kawaida na wa barabara kuu. Ni kipimo kizuri cha kulinganisha pikipiki moja na nyingine, kwa kuwa zote hupitia mtihani uleule, lakini ndani ya jengo hakuna upepo wa ubavuni, hakuna abiria wala matuta ya Mikumi, na hakuna daladala linalosimama ghafla. Kwa safari halisi ya watu wawili na mizigo ni busara kuongeza sehemu ya kumi juu ya takwimu ya kiwanda, na mtu asishangae ikizidi hapo.

Msomaji anayechimba taarifa za kigeni ajihadhari na galoni. Mmarekani anaposema pikipiki yake inatembea maili 42 kwa galoni, anazungumzia galoni ya lita 3.785, na hiyo ni sawa na lita 5.6 kwa kilomita 100. Mwingereza akitaja maili hizohizo 42, galoni yake ni ya lita 4.546, na hesabu inakuwa lita 6.7 kwa kilomita 100. Namba ni moja, lakini tofauti yake ni kubwa kuliko iliyopo kati ya Gold Wing na K 1600. Ubishi mwingi kuhusu ipi inakula zaidi huzaliwa hapo.

Fedha ya mafuta

Tuchukue bei ya shilingi 3,000 kwa lita, ambayo ni rahisi kuihesabu na haiko mbali na bei ambazo jiji limezoea miaka ya karibuni. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na msomaji anaweza kuingiza bei ya siku yake. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni takribani kilomita 830. Kwa takwimu za kiwanda, R 1250 RT itatumia lita 39.4, yaani shilingi 118,000 hivi. Gold Wing itatumia lita 46.5, yaani karibu 139,000. K 1600 GTL itafika lita 49, yaani 147,000. Na Street Glide itakaribia lita 50, yaani karibu 150,000. Kati ya anayekula kidogo na anayekula sana pana tofauti ya shilingi 31,000 hivi kwa safari ndefu kuliko zote ambazo wengi wetu huzifanya kwa siku moja, tena mradi mtu awe na mgongo wa kuihimili siku hiyo.

Kwa mwaka wa kilomita 10,000, tofauti hiyo inakuwa lita 125, au shilingi 375,000. Ni fedha, na hakuna haja ya kuidharau, lakini si fedha ya kumfanya mtu anunue pikipiki asiyoipenda, hasa akikumbuka gharama ya kuiingiza nchini, bima na tairi. Kwa hiyo anayechagua kwa kigezo cha shilingi za mafuta pekee amekwisha kupata jibu, nalo ni R 1250 RT, na anaweza kuacha kusoma hapa. Kwa wengine, jambo lenyewe ndiyo kwanza linaanza.

Uzito, upepo na foleni

Dhana iliyoenea ni kwamba pikipiki nzito hula mafuta kwa sababu ya uzito wake. Hesabu inaonyesha vingine. Gold Wing Tour ina karibu kilo 380, Street Glide 368, K 1600 GTL 358, na R 1250 RT 279. Kutoka usawa wa bahari hapa Dar hadi Iringa mjini ni kupanda takribani mita 1,500, na sehemu kubwa ya mwinuko huo mtu huuona kwa macho yake pale kwenye mlima wa Kitonga. Gold Wing ikiwa na watu wawili wenye jumla ya kilo 150 inahitaji nishati ya takribani megajuli 7.8 ili kuinuliwa hadi huko. Lita moja ya petroli ina nishati ya megajuli 32 hivi, lakini injini hugeuza karibu robo tu kuwa kazi, yaani megajuli nane. Maana yake ni kwamba mwinuko wote wa Dar hadi Iringa unaigharimu Gold Wing karibu lita moja. R 1250 RT, ikiwa na watu walewale, inagharimika mililita 800 hivi. Uzito wa kilo mia moja zaidi, katika kilomita 500 na mlima mmoja wa kuogopesha, unamgharimu mwenye Gold Wing mililita 200 za mafuta, sawa na shilingi 600, na kiasi fulani hurudi wakati wa kushuka kwa sababu injini zinazopulizia mafuta kwa sindano za kielektroniki huyakata mwendeshaji anapoachia mkono wa mafuta akiwa ndani ya gia.

Adui mkubwa barabarani ni upepo. Nguvu ya upepo unaopinga pikipiki huongezeka kwa mraba wa mwendo, hivyo mtu akitoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, upinzani huo unakaribia kuwa maradufu. Pikipiki hizi zina vifua vipana, vioo vya mbele virefu na masanduku yaliyotokeza, na sanduku la nyuma linalopita bega la abiria huvuruga hewa kuliko mnunuzi anavyodhani. Kioo cha mbele cha umeme, ambacho K 1600, R 1250 RT na Gold Wing Tour zote zinacho, huleta starehe kikiinuliwa, lakini kikiinuliwa hadi juu kabisa kinaongeza ukuta unaosukumwa mbele ya pikipiki. Kwa mwendo wa kilomita 90 mtu akishushe kidogo, ilimradi asiumwe na wadudu usoni.

Barabara zetu, kwa bahati, zina adabu ya mwendo kuliko zile za Ulaya ambako pikipiki hizi zilibuniwa. Ukitoka Kibaha kwenda Chalinze, Morogoro na kuendelea, kila kijiji kina kibao cha 50, na askari wa usalama barabarani hawako mbali na kibao; ndani ya hifadhi ya Mikumi kuna kilomita 50 hivi za mwendo uliodhibitiwa, matuta na uwezekano wa tembo. Matokeo yake ni kwamba mwendeshaji anayetii sheria kati ya Dar na Iringa hutumia muda mwingi katika mwendo wa 50 hadi 90, na huko ndiko pikipiki kubwa hula kidogo. Hapa R 1250 RT ina faida ya ziada, kwa kuwa mfumo wake wa ShiftCam hubadilisha kemu, yaani vinundu vinavyozifungua vali za kuingizia hewa, kati ya kazi nyepesi na kazi nzito, na mwendo wa kijijini ni kazi nyepesi. Gold Wing nayo hutembea kwa mizunguko michache sana ya injini katika gia ya juu. K 1600 ndiyo inayopata shida zaidi ya kuwa mpole: ni injini inayofurahia kuvutwa, na mwenye nayo huvuta. Takwimu ya 5.9 ni ya mashine ya majaribio. Mwendeshaji anayefurahia farasi 160 kati ya Mafinga na Makambako ataiona namba nyingine kabisa.

Foleni ni suala tofauti na safari, na kwa mtu wa Dar huenda ndilo lenye uzito zaidi. Bodaboda hupenya, ndiyo maana ulaji wake mjini ni mzuri. Pikipiki zote nne zilizotajwa hapa zina upana unaokaribia mita moja, na baina ya daladala na lori la mchanga katika Barabara ya Mandela mita moja haipatikani mara kwa mara. Mwenye Gold Wing husimama nyuma ya gari kama mwenye gari. Injini ya ujazo wa lita 1.8 ikinguruma bila kutembea hutumia, kwa makadirio, karibu lita moja kwa saa, na ile ya lita 1.25 hutumia chini ya hapo, labda theluthi mbili. Kwa anayekwenda kazini kila siku kutoka Tegeta au Kimara kwa pikipiki ya namna hii, kilomita 20 kwa saa moja na nusu, ulaji wa lita 9 au 10 kwa kilomita 100 si jambo la kushangaza.

Katika foleni kuna vitu viwili vya kuangalia. Gold Wing yenye gia za kujibadilisha, yaani ile ya DCT yenye gia saba, katika baadhi ya masoko ilitoka na mfumo unaozima injini pikipiki inaposimama na kuiwasha mkono wa mafuta unapoguswa. Ukiipata yenye mfumo huo, ndiyo pekee kati ya nne hizi iliyobuniwa kwa makusudi kwa ajili ya foleni. Harley nyingi zinazopozwa kwa hewa zina mfumo unaozima silinda ya nyuma injini inapopata moto ikiwa imesimama, lakini lengo lake ni kupunguza joto linalomchoma mwendeshaji mapajani, na akiba ya mafuta ni nyongeza ndogo. Street Glide ya 2024 imewekewa upozaji wa maji kwenye vichwa vya silinda, na hilo kwa Februari ya Dar es Salaam ni nafuu ya kweli, ingawa si nafuu ya mafuta.

Tangi na masafa

Jambo ninaloliona kuwa na maana kuliko ulaji wenyewe ni masafa, yaani umbali ambao tangi moja linakufikisha. Kwa takwimu za kiwanda, R 1250 RT inafika kilomita 526, K 1600 GTL 449, Street Glide 378, na Gold Wing 375. Tazama jinsi mpangilio ulivyobadilika: K 1600, ambayo kwa ulaji inakaribia kuwa ya mwisho, kwa masafa imekuwa ya pili, kwa sababu tu ya tangi lake la lita 26.5. Gold Wing imeshuka hadi mwisho. Honda walipoibuni upya mwaka 2018 walipunguza uzito na kuboresha ulaji kwa asilimia 20 kwa maelezo yao, kisha wakapunguza tangi kutoka lita 25 hadi 21, hivyo masafa yakabaki palepale. Mwenye Gold Wing ya mwaka 2001 hadi 2017 anajaza mafuta mengi zaidi, lakini hasimami mara nyingi zaidi.

Petroli huwa na bei ya chini zaidi karibu na bandari na huongezeka kadiri unavyokwenda bara, kwa kuwa gharama ya usafiri huingizwa katika bei kikomo ya kila wilaya. Anayeondoka Dar na tangi la lita 25 au 26.5 lililojaa anabeba bei ya Dar hadi karibu na Iringa. Aidha, anachagua mwenyewe pa kujaza. Katika barabara ya Mbeya hilo si tatizo, kwani Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Ilula, Iringa, Mafinga na Makambako zote zina vituo vya mafuta, lakini kuna tofauti kati ya kuwa na kituo na kukiamini. Mtu mwenye masafa ya kilomita 400 baada ya kuacha akiba anaweza kupita sheli yenye pampu moja na mhudumu mwenye usingizi, akasubiri ile yenye malori mengi, ambako mafuta hayakai chini muda mrefu.

Barabara ya kusini inadai tangi zaidi. Kutoka Dar hadi Mtwara, kupitia Kibiti, Daraja la Mkapa, Somanga, Nangurukuru na Lindi, ni kilomita zipatazo 560. Mwezi Mei mwaka 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo eneo la Somanga na magari yakakwama pande zote mbili. Katika hali ya namna hiyo mwenye mafuta ya kugeuza hurudi, na asiye nayo husubiri pamoja na mabasi.

Aina ya petroli na pikipiki zilizotumika

Gold Wing imetengenezwa kwa petroli ya kawaida ya oktani 91 (oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka ovyo), na hiyo ni sababu isiyotajwa sana ya kuipenda kwa safari za mikoani. Harley huelekeza petroli ya oktani ya juu, na R 1250 RT hupendekezwa ipewe oktani 95. Injini za kisasa zina kihisi kinachotambua mlipuko wa ovyo ndani ya silinda na kuchelewesha cheche, kwa hiyo petroli dhaifu haiziharibu papo hapo, lakini hupunguza nguvu, na mwendeshaji huongeza mafuta bila kujijua ili apate mwendo uleule.

Kuhusu zilizotumika, Gold Wing ya kizazi cha GL1500, iliyoanza mwaka 1988, ina kabureta, na ulaji wake hutegemea zaidi mikono ya fundi kuliko kiwanda. Mtu asiye na fundi anayezijua kabureta za silinda sita asiichague kwa kutazama bei. Yamaha FJR1300, yenye tangi la lita 25, nayo inastahili kutazamwa na mwenye bajeti ndogo kuliko ya RT.

Kabla ya kulipa, omba kuipima. Jaza tangi pikipiki ikiwa wima juu ya stendi ya kati, au katika mkao mmoja usiobadilika kama haina stendi hiyo, kwenye pampu unayoweza kuirudia. Nenda hadi Kibaha au Bagamoyo na kurudi kwa mwendo wako wa kawaida, kisha ujaze hadi alama ileile na kugawa lita kwa kilomita. Usitegemee namba ya ulaji inayoonyeshwa kwenye dashibodi peke yake. Pima tairi kwanza: RT ikiwa imebeba inahitaji karibu PSI 42 nyuma, na fundi wa pancha aliyezoea magari madogo hukuachia 30 kwa nia njema. Ushauri wa kujaza alfajiri ili upate mafuta mazito zaidi hauna faida ya maana. Petroli hutanuka kwa karibu asilimia moja kila joto linapopanda nyuzi kumi, na tangi lililofukiwa ardhini halibadiliki joto kiasi hicho kati ya asubuhi na mchana.

Uamuzi kwa kila mwendeshaji

Anayeitaka pikipiki ya kazini siku tano na ya safari siku mbili achukue R 1250 RT, kwa kuwa ni nyepesi, ina injini ndogo inayokula kidogo ikisimama, na tangi linalodumu. Anayesafiri na mwenza wake kwenda Iringa, Arusha au Tanga mara kadhaa kwa mwaka na mjini hutumia gari, achague Gold Wing, hasa ya DCT, na akubali kusimama kila kilomita 300, ambazo abiria naye atazihitaji. Street Glide haina hoja ya mafuta. Wanaoinunua wanajua wanachokilipia, nami sitawabishia. K 1600 GTL ni ya mtu anayeondoka Dar saa kumi na moja alfajiri akiwa na nia ya kulala Mbeya, na ambaye shilingi 29,000 zaidi ya RT hazimsumbui. Anayelenga kusini, au njia zenye vumbi baada ya lami kuisha, aache zote nne na kutazama BMW R 1250 GS Adventure: injini ni ileile ya RT, ulaji wa kiwanda ni uleule wa 4.75, lakini tangi ni la lita 30, yaani kilomita 630, ambazo zinamtosha kutoka Dar hadi Mtwara bila kujaza njiani, akiwa mpole na mkono wa mafuta.